Wasafiri Wasio na Usukani: Mkondo, Pepo na Wageni wa Bahari ya Kilifi na Malindi

Mtu wa bara ashukaye Malindi kwa mara ya kwanza, akatembea ufuoni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, huona mstari mrefu wa vitu vilivyotupwa na bahari usiku. Humo mna majani ya bahari, vifuu vya nazi, mbegu za miti asiyoijua, vipande vya mbao na chupa za plastiki. Na katikati yake mna vidude laini vya rangi ya samawati, ving'aavyo kama kioo. Siku nyingine mstari ule hauna kitu ila majani matupu. Mgeni hudhani ya kuwa bahari hutupa chochote, wakati wowote, ovyo tu. Wavuvi wa mahali hapo hawadhani hivyo. Wao wajua ya kuwa kila majira yana wageni wake, na ya kuwa wageni hao huletwa na wachukuzi wawili wasioonekana kwa macho, nao ni upepo na mkondo wa maji.

Yafaa habari hizi zijulikane hata na wale wasiovua samaki, kwa sababu mambo yaletwayo na mkondo huo yanagusa chakula cha watu wengi, na, kama itakavyoonekana, yanamgusa hata mkulima aliye mbali sana na bahari.

PWANI YENYEWE

Pwani isimuliwayo hapa yaanzia Kilifi, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Mombasa. Zamani msafiri alivushwa hori ya Kilifi kwa feri. Tangu 1991 liko daraja refu, na mtu asimamaye juu yake aweza kuyaona maji yakiingia ndani kwa nguvu wakati wa kujaa na kutoka kwa nguvu vile vile wakati wa kupwa. Kutoka hapo barabara yapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hata Gede, penye magofu ya mji wa kale. Upande wa bahari iko hori ya Mida iliyozungukwa na mikoko, na mdomoni mwake ndipo ilipo Watamu. Malindi ni mwendo wa kilomita 20 hivi zaidi. Mbele ya Watamu na Malindi yako matumbawe mazuri sana, ambayo mwaka 1968 yalifanywa hifadhi za taifa, nazo zilikuwa hifadhi za kwanza za baharini katika Kenya. Kaskazini ya mji wa Malindi mto Sabaki wamwaga baharini maji yake mekundu, na ng'ambo yake ndiyo Mambrui.

Mtu akiitazama pwani hii katika ramani ataona imelala ikielekea kaskazini na mashariki, haina kisiwa kikubwa mbele yake cha kuikinga. Kwa hiyo yapokea moja kwa moja kila kijacho kutoka bahari kuu.

MKONDO MMOJA, PEPO MBILI

Katika Bahari ya Hindi, kusini ya mstari wa ikweta, uko mkondo mkubwa wa maji utokao upande wa Indonesia na Australia, ukaja magharibi mwaka mzima mpaka pwani ya Afrika. Ukisha kupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, hugonga bara karibu na Rasi Delgado, mpakani mwa Msumbiji na Tanzania. Hapo hugawanyika. Sehemu moja hushuka kusini, na sehemu ya pili hupanda kaskazini ikipita Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa, Kilifi na Malindi. Mkondo huu wa pili hauachi kwenda kaskazini hata mwezi mmoja. Ila nguvu zake hazilingani mwaka mzima, maana pepo mbili zinautawala.

Wakati wa kusi, tangu Aprili mpaka Septemba au Oktoba, upepo na mkondo huenda njia moja. Maji hukimbia kama mto, na mbali kidogo na mwamba mwendo wake huweza kufika maili nne za baharini kwa saa. Hupita Malindi, hupita Lamu, hata huingia bahari ya Somalia bila kusimama. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, mambo hugeuka. Maji ya pwani ya Somalia hurudi nyuma yakija kusini, na mkondo wetu, ambao sasa umepungua nguvu, hukutana nayo katika bahari iliyo baina ya Malindi na mpaka wa Somalia. Mahali pa makutano hubadilika mwaka hata mwaka. Mikondo hiyo miwili ikisha kukutana hugeukia mashariki, ikaondoka pamoja kwenda bahari kuu. Baina ya majira haya mawili huwa maleleji, siku ambazo upepo hauna msimamo, na watu wa pwani huziita pia tanga mbili.

Wataalamu wa mataifa mengi waliyapima mambo haya kwa vyombo katika uchunguzi mkubwa wa Bahari ya Hindi uliofanywa kuanzia 1959 hata 1965. Lakini manahodha wa majahazi walikuwa wameyatumia karne nyingi kabla ya hapo, na aliyeyapuuza aliyalipia. Vasco da Gama wa Ureno alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani, akatweka tanga tarehe 24 ya mwezi ule ule, kusi ikianza. Hazikupita siku 30 akafika Bara Hindi. Wakati wa kurudi hakungojea majira. Aliondoka kule mwanzo wa Oktoba, kaskazi haijashika, akakaa baharini karibu miezi mitatu akihangaika na shwari na pepo za mbele. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye kabla ya kutia nanga tena Malindi mwezi wa Januari 1499. Ikiwa nahodha mwenye usukani na matanga alipatwa na hayo, itakuwaje kwa mnyama asiye na usukani kabisa?

WENYE MATANGA NA WASIO NA MATANGA

Wanyama waeleao baharini ni wa namna mbili, na mtu akiisha kuzitambua namna hizo atafahamu mengi ayaonayo ufuoni.

Namna ya kwanza ni wale ambao sehemu ya mwili wao imetoka juu ya maji. Mashuhuri kati yao ni kile kidude cha samawati chenye kibofu kilichojaa hewa, mfano wa puto dogo, na chini yake zaning'inia nyuzi ndefu zenye sumu. Nyuzi hizo huweza kufika mita kumi, na pengine zaidi sana. Watu wengi humwita konyeza, au yavuyavu, lakini kwa kweli si konyeza halisi. Wala si mnyama mmoja, bali ni jamii ya wanyama wadogo wengi walioungana, kila kundi na kazi yake: hawa huelea, hawa huuma, hawa humeng'enya chakula, na hawa huzaa. Kibofu chake ndicho tanga lake. La ajabu ni kwamba tanga hilo halikukaa sawasawa katikati. Wengine wameelekezwa kuume na wengine kushoto. Upepo mmoja ukivuma, wa kuume huenda upande huu na wa kushoto upande ule, hata ukiwatupa nusu ufuoni, nusu nyingine huokoka. Kwa njia hii upepo hauwezi kuwamaliza wote kwa siku moja.

Pamoja naye huja jamaa zake. Yuko mdogo mwenye tanga jembamba la wima lipenyezalo mwanga, na yuko aliye duara kama kifungo cha shati, mwenye nyuzi za buluu pembeni. Yuko na konokono wa rangi ya zambarau ambaye hujitengenezea chelezo cha mapovu, akaning'inia chini yake, akawala wale wa samawati. Akipasukiwa na mapovu yake huzama na kufa, maana hajui kuogelea.

Namna ya pili ni wale waliozama majini kabisa: konyeza halisi, na mayai na watoto wadogo sana wa samaki, kaa, kamba na matumbawe. Hawa upepo hauwashiki. Waenda kama maji yaendavyo. Konyeza hupiga mwili wake akasogea kidogo, lakini hawezi kushindana na mkondo, kama vile mtoto awezavyo kutembea ndani ya gari moshi bila kubadili njia ya gari.

Basi wakati wa kusi, upepo na mkondo vikienda pamoja, namna zote mbili huelekea kaskazini. Na kwa kuwa upepo huo watoka baharini, huwasukuma wenye matanga mpaka mchangani. Wakati wa kaskazi jamii hizi mbili huachana. Wenye matanga husukumwa na upepo kwenda kusini na magharibi, na waliozama hubaki na mkondo wao. Hii ndiyo sababu ya mstari wa ufuoni kubadilika.

Wavuvi wana faida yao katika jambo hili. Mahali ambapo maji mawili yakutana, ufanyika juu ya bahari mstari wa povu na majani, na viumbe hawa wadogo hurundikana hapo. Samaki wadogo huwafuata, na wakubwa huwafuata wadogo. Mvuvi aonaye mstari wa namna hiyo, na ndege wakizunguka juu yake, hahitaji kuambiwa mahali pa kutupa mshipi.

Lakini kwa mwogeleaji wageni hawa wana hatari. Hata aliyekauka ufuoni bado ana sumu, wala watoto wasiachwe kumchezea. Mtu akiumwa, asijisugue kwa mchanga, wala asimwagie mkojo kama wengine washaurivyo. Na azioshe nyuzi kwa maji ya bahari, aziondoe kwa koleo au kwa kijiti, si kwa mkono mtupu. Kisha ailoweke sehemu iliyoumwa katika maji ya moto kwa kadiri awezavyo kuyavumilia bila kuungua, muda wa dakika 20 au zaidi. Akishindwa kuvuta pumzi vema, au akizimia, apelekwe hospitali mara moja.

WAGENI WA MBALI

Huenda msomaji akauliza: je, ni kweli kitu chaweza kuelea kutoka upande wa pili wa bahari mpaka kwetu? Iko mifano miwili isiyo na shaka.

Mwezi wa Agosti 1883 mlima wa moto wa Krakatau, katika Indonesia, ulipasuka kwa kishindo kikubwa, ukatapika mawe mepesi yenye matundu ambayo hayazami majini. Mawe hayo yalielea katika makundi makubwa, yakavuka bahari, na mwaka uliofuata yalionekana Zanzibar.

Mfano wa pili ni wa juzi. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya abiria ya Malaysia, safari ya MH370, ilipotea ikiwa na watu 239. Hesabu za wataalamu zilionyesha ya kuwa iliangukia kusini ya Bahari ya Hindi, magharibi ya Australia. Mwezi wa Julai 2015 kipande cha bawa lake kiliokotwa katika kisiwa cha Réunion, kimegandwa na wanyama wenye magamba wa jamii ile igandayo kwenye vyombo na magogo baharini. Na wataalamu waliwachunguza wanyama hao ili wajue njia waliyopitia. Juni 2016 kipande kingine kikubwa kiliokotwa Pemba, na baadaye ikathibitishwa kuwa ni cha ndege hiyo hiyo. Mkondo uliokileta Pemba ndio huo huo upitao Kilifi na Malindi.

Kipande cha bawa kikiweza kuwa chombo cha wanyama, hata chupa yaweza. Zamani vyombo hivyo vilikuwa magogo, vifuu na mawe mepesi, navyo vilioza au kusagika. Plastiki haiozi. Katika fuo za Kenya zimeokotwa chupa zenye chapa za Indonesia, na taka zetu wenyewe nazo huenda kwa wengine vivyo hivyo. Mnyama mgeni apandaye chombo kisichooza aweza kufika mahali ambapo jamaa zake hawajapata kufika, na hakuna ajuaye mbele kama atakuwa rafiki au adui. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2017. Hiyo ilikuwa hatua njema, lakini chupa zimebaki.

Hata hivyo si kila mgeni ni wa kuhesabiwa kuwa aliletwa na maji. Aprili 2001 chombo cha kukokota nyavu kilimvua katika bahari ya Malindi samaki wa kale aitwaye silakanti, ambaye kabla ya 1938 wataalamu walidhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Ilisemwa ya kuwa huenda mkondo ulimpoteza njia kutoka Komoro. Lakini tangu 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa Tanga, waliwapata wengi, na uchunguzi wa damu na nyama yao ulionyesha ya kuwa hao wa Tanga ni ukoo uliokaa huko siku nyingi. Tena silakanti huzaa watoto walio kamili, wala hamwagi mayai ya kuelea. Basi mkondo haukuwa na kitu cha kuchukua. Hekima ni kuchunguza kwanza, kisha ndiyo kusema.

WATOTO WA JIRANI

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote katika habari hizi. Karibu kila mnyama wa mwambani, awe tumbawe lisiloondoka mahali pake au changu aogeleaye miambani, huanza maisha yake kama msafiri aeleaye. Mtoto wa tumbawe huelea siku kadhaa, pengine majuma, kabla ya kushika jiwe. Samaki wengi wa mwambani huelea mwezi mmoja hivi. Mtoto wa kamba mawe, ambaye ni bapa na mwangavu kama kioo, huelea miezi mingi kabla ya kurudi mwambani na kuvaa gamba. Kasa wadogo watokao katika viota vya Watamu, ambavyo tangu 1997 viko watu wa kuvilinda, nao huingia katika safari hii, wakakaa bahari kuu miaka kadhaa.

Na tupige hesabu ndogo. Mkondo uendao maili moja tu ya baharini kwa saa huenda maili 24 kwa siku. Kwa mwendo huo, kitoto cha samaki chaweza kutoka Kilifi kikafika Malindi kwa siku moja na nusu, na kutoka Pemba kikafika Kilifi kwa siku tatu au nne. Ni kweli ya kuwa wengine hubaki kwao, maana ndani ya mwamba maji huzunguka polepole, na katika hori hurudi nyuma kila yakijaa. Lakini wengi huondoka.

Maana yake ni hii: samaki avuliwaye Malindi huenda alizaliwa Kilifi, na wa Kilifi huenda wazazi wake wako Mombasa, au Pemba. Mara nyingi mvuvi aambiwapo aache nyavu za matundu madogo, au aache sehemu ya bahari ipumzike, hujibu: "Nikiwaacha mimi, atafaidi mwingine." Asemavyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba yeye mwenyewe anakula alichoachiwa na jirani yake wa kusini. Mlolongo huu ukikatwa mahali pamoja, walio kaskazini watahisi.

Wavuvi wa Kuruwitu, kusini ya mji wa Kilifi, waliliona jambo hili. Samaki walikuwa wamepungua sana katika maji yao. Mwaka 2003 wao na wakazi wenzao walifanya chama, kisha kwa hiari yao wakafunga sehemu ya bahari yao, kiasi cha hekta 30, isivuliwe kabisa. Haikuwa rahisi, kwa kuwa mtu mwenye watoto wa kulisha huona uchungu kupita mahali alipovua babu yake bila kutupa wavu. Lakini samaki walirudi, wakakua, wakazaa. Na mkondo huchukua watoto wao kuwapeleka Kilifi, Watamu na Malindi kwa watu ambao hawakutoa hata senti moja.

Jambo hilo lina maana zaidi tangu 1998. Mwaka ule maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu ikafa. Mahali palipokufa hivyo hapapati uhai tena ila kwa masalio yaliyopona na kwa watoto wajao na maji kutoka kwingine. Ikiwa kusini hakuna wazazi, hakuna watoto wa kuja.

UDONGO WA BARA

Yabaki neno moja kwa mkulima. Mto Sabaki, ambao juu huitwa Galana, na juu zaidi Athi, hupokea maji ya nchi ya Nairobi na ya Ukambani, pamoja na yale ya mto Tsavo. Mvua kubwa zinyeshapo kwenye mashamba yasiyo na matuta, udongo mwekundu huteremka mpaka baharini. Wakati wa kusi maji hayo machafu huchukuliwa kaskazini, kuelekea Mambrui na Ngomeni. Wakati wa kaskazi upepo huyasukuma kusini, mbele ya mji wa Malindi, hata kwenye hifadhi. Mtoto wa tumbawe aliyesafiri siku nyingi akitafuta jiwe safi la kushika, akikuta jiwe limefunikwa na tope, safari yake imekwisha bure.

Basi mkulima wa Machakos achimbaye matuta shambani mwake azuia rutuba yake isipotee, na hapo hapo aisaidia bahari ambayo labda hajapata kuiona. Hakuna amri wala mkataba uliowaunganisha mkulima huyo, mvuvi wa Pemba na mchuuzi wa samaki wa Malindi. Maji ndiyo yaliyowaunganisha.

Wazee wa pwani husema, bahari haishi zinge, yaani mageuzi yake hayana mwisho. Hakuna awezaye kuzuia kusi isivume, wala kuugeuza mkondo upitao Malindi. Lakini vile vitakavyochukuliwa na mkondo huo, viwe watoto wa samaki au tope na chupa, vimo mikononi mwa watu, na kila mmoja ana jirani yake wa kaskazini angojaye kuvipokea.